Kabla hamjataja tarehe ya mazishi: jinsi mwili wa marehemu unavyotoka Saudia

Familia nyingi huniita zikiwa zimeshaanza kuchanga. Kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, kamati ya mazishi inakaa kila jioni, na tarehe imeshatangazwa kanisani. Swali la kwanza huwa ni hili: "Mwili utafika lini?" Nami hujibu kwa kuuliza. Nani kati yenu ametia sahihi kwa niaba ya familia? Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kule, ni nani? Na jina lake kwenye pasipoti limeandikwaje, herufi kwa herufi?

Kazi yangu ni kufuatilia na kupokea miili ya Wakenya wanaofia ng'ambo, wengi wao wasichana waliokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Nawaambia wote jambo moja: ndege haiwi tatizo karibu kamwe. Mwili hukaa mochari kwa sababu kuna karatasi inayosubiri karatasi nyingine, na ile ya kwanza kabisa inatakiwa kutoka kwenu nyumbani.

Karatasi hiyo ni hati ya uwakilishi. Familia inamtaja mtu au ofisi itakayoshughulikia mwili kule, na inasema wazi kama inataka mwili urudishwe au uzikwe hukohuko. Inapigwa muhuri na wakili, inathibitishwa na serikali, kisha inapelekwa kwa ubalozi wetu Riyadh. Bila hiyo ubalozi hauwezi kuandika barua ya kutokuwa na pingamizi, na bila barua ya ubalozi mwajiri hana cha kupeleka polisi. Ikishapatikana, mengine hufuatana: taarifa ya kifo kutoka hospitalini, cheti cha kifo kutoka ofisi ya Ahwal Madani inayosajili vizazi na vifo, ruhusa ya mwisho ya kutoka nchini kutoka Jawazat, idara ya pasipoti na uhamiaji, na barua za polisi kwa hospitali na uwanja wa ndege. Marehemu anagongewa ruhusa ya kutoka nchini kama alivyogongewa ya kuingia. Ndiyo maana kafili anatafutwa hata kama msichana alishamtoroka miezi mingi: kwenye rekodi za serikali msichana bado yuko chini ya jina la kafili huyo.

Nani atie sahihi? Hapa ndipo nimeona uchungu mkubwa kuliko mahali pengine popote. Msichana ameacha mume ambaye mahari yake haijamalizika, baba aliyetengana na mama zamani, na dada aliyekuwa akipokea pesa zake kila mwezi. Kila mmoja anajiona ndiye mwenye marehemu. Ubalozi ukipokea barua mbili zenye majina mawili, unasimamisha yote hadi familia ikubaliane. Kwa hiyo ketini kwanza. Chagueni mtu mmoja, andikeni hati ya kiapo inayoeleza uhusiano wake na marehemu, mpate barua ya chifu, na wale wengine watie sahihi kwamba wameridhia. Ugomvi wa mahari unaweza kuzungumzwa baadaye. Mchana mmoja wa kikao cha namna hiyo huokoa majuma.

Majina nayo yana balaa lake. Kitambulisho kina majina matatu, pasipoti ina mawili, na iqama, kibali chake cha kuishi Saudia, imeandikwa kwa Kiarabu kama karani alivyosikia. Cheti cha kifo hufuata iqama. Kikifika hapa na jina ambalo halifanani na la pasipoti, hata maafisa wenye huruma wanashindwa la kufanya. Mpelekeeni mwakilishi wenu nakala ya ukurasa wa pasipoti mapema, aikague rasimu ya cheti kabla hakijapigwa muhuri. Kusahihisha baadaye kunamaanisha kurudi mwanzo.

Hesabuni pia siku za kazi. Saudia hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo ofisi zote mbili ziko wazi ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Ongezeni Ramadhani, Idi na msimu wa Hija, mtaelewa kwa nini nawaomba msitaje tarehe ya mazishi kabla sijaona nambari ya ndege.

Sasa pesa. Kabla ya kuchanga hata shilingi, fungueni mkataba wake. Sheria ya kazi ya Saudia, katika kifungu cha 40, inamtwika mwajiri gharama za kuandaa mwili wa mfanyakazi na kuurudisha mahali mkataba ulipofungwa au alikoajiriwa, isipokuwa azikwe huko kwa ridhaa ya jamaa zake. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao za pekee, kwa hiyo kwao mimi huanza na mkataba wenyewe, nikitafuta kipengele cha kifo. Tangu Februari 2024 mikataba mipya inayopitia Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, inakatiwa bima, na bima hiyo inagusa pia gharama za kurudisha mwili. Ajenti aliyempeleka, kama ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, anayo nakala ya mkataba. Mdaini kwa maandishi. Nakasirika kuona mama mjane anauza ng'ombe kulipia jambo ambalo mtu mwingine amefungwa nalo kwa sahihi yake. Michango ina mahali pake: mochari ya hapa, gari la kwenda kijijini, jeneza, chakula cha waombolezaji.

Kuna karatasi moja ambayo nawasihi msiitie sahihi kwa haraka. Wakati mwingine, pamoja na ile ya kuruhusu mwili utoke, jamaa huletewa nyingine inayosema familia haina madai yoyote. Sahihi hiyo inaweza kutumiwa kuzima mshahara ambao haukulipwa, na hata maswali juu ya jinsi alivyokufa. Kuruhusu mwili na kusamehe madai ni mambo mawili, yawe kwenye karatasi mbili. Iliyo kwa Kiarabu isomwe na mtu wenu, asiwe wa ajenti.

Na kama mna shaka juu ya kifo, semeni mapema. Cheti kinaposema moyo ulisimama, hakijaeleza kwa nini ulisimama. Mwili unaosafiri hutiwa dawa ya formalini, na dawa hiyo huvuruga vipimo vingi vya sumu. Kwa hiyo ombi la uchunguzi, na la kuhifadhi sampuli za damu, linafaa liandikwe kupitia ubalozi kabla mwili haujatiwa dawa. Daktari wa hapa bado anaweza kuona mifupa iliyovunjika, makovu na majeraha, lakini hawezi kurudisha kile ambacho dawa imeshafuta. Fahamuni pia kwamba uchunguzi wa maiti hutoa viungo nje ili vikaguliwe. Mshono mrefu kifuani peke yake hauthibitishi kwamba viungo vimeibwa. Ombeni ripoti ya uchunguzi wa kule, mpatholojia wenu ailinganishe na anachokiona.

Safari yenyewe ni fupi. Jeneza huzibwa kabisa, mara nyingi likiwa na bati la zinki ndani, na husafiri kama shehena. Pamoja na kasha lake hupita kilo 100 kwa urahisi, nazo ndege hutoza kwa uzito. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta mwili hupokelewa upande wa mizigo. Maafisa wa afya hukagua cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa, cheti cha kutokuwa na ugonjwa wa kuambukiza na barua ya ubalozi. Watu wawili watulivu wanatosha kwenda. Kufungua jeneza na kumtambua kufanyike mochari, mbele ya wahudumu wenye glavu na barakoa. Naomba mama asiwe wa kwanza kutazama.

Kwa Waislamu, hasa jamaa zetu wa Pwani, mimi huwauliza kama wameshafikiria kumzika marehemu hukohuko Saudia. Wanazuoni wengi hupendelea marehemu azikwe haraka mahali alipofia, na anaoshwa, anakafiniwa na kuswaliwa bila kutiwa dawa wala kusubiri. Wapo wanaopata faraja kubwa katika hilo, na wapo ambao mama hawezi kulala bila kuona kaburi. Sina haki ya kuwaamulia. Lakini hati ya uwakilishi lazima iseme moja.

Mkishazika, msitupe kasha la nje kabla ya kulikagua. Bahasha ya hati mara nyingi hubandikwa juu yake, na nimeona makasha yakichomwa nayo ikiwa bado ipo. Cheti halisi cha Kiarabu, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, ndicho mtakachohitaji benki, NSSF na kwenye kesi ya mirathi. Toeni nakala kadhaa, na cheti halisi kikae kwa yule mliyemchagua kutia sahihi, maana mshahara uliobaki na sanduku lake la nguo bado vinadaiwa, na ubalozi utamwandikia yeye.