Mng'ao wa Meza Hautoki Kwenye Kopo

"Fundi, nipigie tu mkono mmoja wa polishi juu, irudi kung'aa." Wiki hii nimeisikia tena, kwa meza ya mninga ambayo ingeweza kudumu vizazi viwili ikitunzwa. Ina mikwaruzo ya sahani, ina alama nyeupe za vikombe vya chai, na juu yake kuna utando wa ile polishi ya kupuliza ya dukani iliyorundikana kwa miaka. Mwenyewe anaamini kilichoisha ni polishi, basi tuiongeze. Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoharibu samani nzuri, na mafundi wengi wanaikubali ili walipwe siku hiyo hiyo.

Kitu hung'aa kwa sababu uso wake umelala sawasawa. Mwanga ukipiga uso uliosawazika unarudi pamoja. Ukipiga mikwaruzo unatawanyika, nawe unaona meza imefifia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kung'arisha ni kuondoa. Polishi ya shaba inayotumika kwenye misumari ya milango ya Zanzibar ina chembe laini zinazokwangua weusi pamoja na shaba kidogo, ndiyo maana kitambaa kinatoka cheusi. Sakafu ya terazo inasagwa kwa mawe, kutoka chenga kubwa hadi ndogo, kabla nta haijaguswa. Mbao nayo inataka msasa.

Na msasa una utaratibu wake. Namba ndogo ndiyo yenye chenga kubwa. Ukianza na namba 80, nenda 120, kisha 180, kisha 240, kila mara ukifuata nyuzi za mbao. Fundi akiruka kutoka 80 hadi 240, mikwaruzo ya 80 inabaki pale pale, na vanishi ikishapita juu inaonekana zaidi kuliko mwanzo. Kabla hujampa fundi ruhusa ya kupiga vanishi, fanya jambo moja: washa tochi ya simu, ilaze karibu na uso wa meza ili mwanga upite pembeni. Kila mkwaruzo utajitokeza. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke, upapase kwa kiganja. Ukihisi vinyweleo vimesimama, msasa wa mwisho haujapigwa. Nawaomba wateja wote wafanye hivyo, hata kwangu.

Hiyo ni mbao tupu. Meza ya zamani ina shida nyingine: huo mkono mmoja unaoutaka, yaani tabaka jipya, unakwenda kukaa juu ya nini? Sheli, ambayo ni utomvu wa mdudu wa India na Thailand ulioyeyushwa kwenye spiriti, inapokea mkono mpya vizuri kwa kuwa spiriti inalainisha ule wa zamani na vinashikana. Laka, ile vanishi inayokauka upesi, nayo ni hivyo, kwa thina yake. Poliyurethani, vanishi ngumu ya aina ya plastiki, haikubali. Ikishakomaa haiyeyuki tena, na mkono mpya usipopewa uso uliokwaruzwa kwa msasa wa 320 hivi, utabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kujua meza yako imepigwa nini ni rahisi: dondoshea tone la spiriti mahali pasipoonekana, chini ya ukingo. Ikinata, ni sheli. Isiponata, jaribu tone la thina ya laka. Ikilainika na kunata, ni laka.

Halafu ile polishi ya kupuliza. Nyingi zina silikoni. Zinatoa mng'ao wa papo hapo kwa sababu mafuta yanajaza mikwaruzo kwa muda, kisha zinaacha silikoni inayokimbiza vanishi. Nikipiga vanishi juu yake, inajikusanya na kuacha mashimo madogo ya mviringo uso mzima, na hapo ni kuanza upya. Kwa usafi wa kila siku kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri kinatosha. Sina sababu yoyote ya kumshauri mtu anunue kopo hilo.

Mengine nayapitia haraka. Mbao "hailishwi" mafuta. Ule mti umeshakufa, na mafuta ya nazi unayoupaka hayakauki, yanabaki yananata na kukusanya vumbi. Alama nyeupe ya kikombe kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya laka au sheli, na inatibika. Ile nyeusi ndiyo ya kuhofia, kwani maji yameshafika kwenye mbao. Anayepiga laka msimu wa masika Dar es Salaam au Mombasa na kuona uso umegeuka mweupe asimlaumu muuza duka: hewa ina unyevu mwingi, thina ikiruka inapoza uso, na unyevu unatua pale. Subiri jua litoke.

Kuhusu mchwa, vanishi siyo dawa. Wanapanda kutoka ardhini na kuingia kupitia miguu ya kabati, mahali ambapo hakuna anayekumbuka kupaka chochote. Wale wadudu wanaoacha unga chini ya kitanda walikuwa ndani ya mbao kabla ya fundi kuanza, na watatoboa vanishi watoke. Dawa, kama ya boraksi, hupakwa mbao ikiwa tupu. Na uso wa meza upakwe juu na chini pia. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini unavuta unyevu na ubao unapinda.

La mwisho watu hawaniamini nikilisema. Kitambaa kilicholowa mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani yanayopakwa mbao, kinaweza kuwaka chenyewe. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta hewa, na yakikauka yanatoa joto. Kitambaa kikikunjwa na kutupwa kwenye kona ya karakana pamoja na maranda, joto halina pa kutokea. Vitambaa hivyo vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke viwe vikavu kama kadibodi, au viweke kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko, usiku ule ule.