Tenisi: yale tunayoyasema Lubumbashi, na ukweli wake

Taja tenisi Katuba au Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi, jibu la kwanza unalijua: "Ile mchezo ni ya bazungu, papa." Baada ya hapo mazungumzo yanarudi kwa Mazembe, timu yetu ya kandanda. Kauli hiyo haikutoka hewani. Enzi za ukoloni, mji wetu ulipoitwa Élisabethville, wazungu walikaa kwao na Waafrika kwao, na viwanja vya tenisi vilikuwa huko kwa wazungu. Mweusi aliyekanyaga udongo ule mwekundu mara nyingi alikuwa ameshika fagio, au chokaa ya kupakia mistari, au anakimbilia mipira ya wengine.

Ila kufungiwa mlango si kukosa kipaji. Althea Gibson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa pamba na kukulia Harlem, alitwaa Roland-Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1956, kisha Wimbledon, yale ya Uingereza, 1957 na 1958. Piga hesabu: Kongo ilikuwa bado haijapata uhuru. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi pia, akafuata kwa ubingwa wa US Open 1968 na Wimbledon 1975.

Kwa huyo Ashe sisi sote Waafrika tuna deni, kwa sababu ya Yaoundé. Mwaka 1971 alipita Kamerun akamwona mtoto wa shule anavyoupiga mpira. Hakuishia kumpigia makofi. Alimpigia simu Philippe Chatrier, kigogo wa tenisi ya Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice kufundishwa. Ndiye Yannick Noah, baba yake mwanakandanda wa Kamerun, mama yake Mfaransa. Mwaka 1983 alimfunga Mats Wilander kwenye fainali ya Roland-Garros, na tangu hapo hakuna mwanaume mwingine wa Ufaransa aliyelibeba lile kombe la mchezaji mmoja mmoja.

Hapo ndipo linapokuja kosa la vijana: kwao Noah ni mwimbaji, au ni baba wa Joakim wa mpira wa kikapu. Kuimba ameimba kweli. Lakini mwaka 1991, alipokuwa nahodha asiyecheza wa Ufaransa, timu yake iliwashinda Wamarekani mjini Lyon na kuchukua Kombe la Davis, kombe la timu za mataifa, kisha wote wakazunguka uwanja wakicheza "Saga Africa", wimbo wa nahodha wao mwenyewe. Muziki na raketi kwake havikuwahi kutengana, na sioni kwa nini sisi tumtenganishe.

Dhana inayonikera zaidi ni hii ya kwamba tenisi ni mchezo wa watu wastaarabu, wenye nguo nyeupe, na siasa haiwahusu. Fainali ya Kombe la Davis ya 1974 haikuchezwa kabisa. India ilikataa kukutana na Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ikakubali kulikosa kombe ambalo haijawahi kulipata hadi leo. Ashe mwenyewe aliomba viza ya Afrika Kusini akanyimwa zaidi ya mara moja. Alipopewa mwaka 1973 alitaka watazamaji wasitengwe kwa rangi, akafika fainali Johannesburg akashindwa na Jimmy Connors, akashinda ile ya wawili wawili pamoja na Tom Okker. Na wapo Waafrika Kusini weusi waliomlaumu: kuja kwako, walimwambia, kunawapamba watesi wetu. Mjadala huo haujaisha. Mwaka 2022 Wimbledon iliwazuia Warusi na Wabelarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na vyama vya wachezaji vikajibu kwa kuyanyima mashindano hayo pointi za viwango. Sisi tuliobishana hadi usiku kuhusu maneno "Visit Rwanda", tangazo la utalii wa Rwanda, kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, huku Goma yetu ya mashariki ikiwaka kwa vita ambavyo Rwanda inalaumiwa kuvichochea, tungepaswa kuwa wa mwisho kusema michezo na siasa havikutani.

Kisha lile la Billie Jean King, bingwa wa kike wa Marekani aliyepambana na mwanaume: "Alimshinda mzee tu." Mwanaume huyo, Bobby Riggs, bingwa wa zamani, alikuwa na miaka 55, sawa. Lakini mzee huyo huyo, miezi michache kabla, alikuwa amemchapa Margaret Court, bingwa mkubwa wa wakati ule, 6-2, 6-1. King alikubali pambano huku akijua kwamba akishindwa, wanaume watacheka miaka yote. Tarehe 20 Septemba 1973, Houston, alimaliza kazi kwa seti tatu: 6-4, 6-3, 6-3. Mwaka huo huo US Open ilianza kulipa wanawake na wanaume zawadi sawa. Wimbledon ilisubiri hadi 2007!

Wanaosema Waafrika wa leo hawapo, wamtazame Ons Jabeur wa Tunisia, fainali mbili za Wimbledon, 2022 na 2023, na moja ya US Open. Au Angella Okutoyi wa Kenya (ile ya Nairobi, si commune yetu ya Kenya), aliyeshinda Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili mwaka 2022.

Na mpira haukuwa wa manjano tangu zamani. Ulikuwa mweupe, mpaka televisheni ya rangi ilipoleta shida: watazamaji nyumbani hawakuuona vizuri. Shirikisho la kimataifa likaruhusu wa manjano mwaka 1972, Wimbledon ikang'ang'ania mweupe hadi 1986. Nguo nyeupe bado wanaing'ang'ania. Ni mwaka 2023 tu ndipo wanawake waliporuhusiwa kuvaa kaptula ya ndani ya rangi iliyokoza, baada ya wachezaji kusema wazi kwamba siku za hedhi walikuwa wanaingia kiwanjani na hofu.