Tosca ya Roma ya Mwaka 1992: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaoitazama kwa mara ya kwanza Tosca, opera ya mtunzi Mwitalia Puccini, iliyopigwa picha mjini Roma tarehe 11 na 12 Julai 1992 hudhani kwamba waimbaji wanachezesha midomo tu, na sauti ni za studio. Dhana hiyo ina chanzo chake, kwani filamu nyingi za opera hutengenezwa hivyo, ikiwemo Tosca ya mwaka 1976 iliyopigwa katika majengo yaleyale, naye mwimbaji Plácido Domingo akiwemo. Ile ya 1992, hata hivyo, ilirushwa moja kwa moja na televisheni: Catherine Malfitano, Domingo na Ruggero Raimondi waliimba papo hapo, ilhali kiongozi wa muziki Zubin Mehta na okestra yake walikuwa katika ukumbi mwingine kabisa wa jiji, hivyo waimbaji walimfuata kwa kutazama skrini zilizofichwa kamera isizione. Aliyewahi kuimba kwaya atajua uzito wa kazi hiyo.

Wala si kweli kwamba yote yaliimbwa kwa mkupuo mmoja. Kila tendo lilisubiri saa yake katika kisa: la kwanza mchana katika kanisa la Sant'Andrea della Valle, la pili usiku katika Palazzo Farnese, na la tatu alfajiri ya siku ya pili juu ya ngome ya Castel Sant'Angelo, saa ambayo tenori yeyote angependelea kuwa kitandani. Kwa maoni yangu, ujasiri huo ndio unaolipatia toleo hili thamani, kuliko kuta zenyewe.

Kuta hizo ndizo zinazowapotosha watu waamini kwamba kisa ni historia. Mapigano ya Marengo ya tarehe 14 Juni 1800, yanayotajwa katika opera, yalitokea kweli, na habari za awali zilizowapa Waaustria ushindi kabla ya kubainika kuwa Napoleon ndiye aliyeshinda ni za kweli pia. Lakini wahusika wakuu, Tosca, Cavaradossi na Scarpia, walibuniwa na mwandishi Mfaransa Victorien Sardou katika tamthilia yake ya mwaka 1887, ambayo ndiyo chimbuko la opera. Hata kikanisa cha ukoo wa Attavanti, anamojificha mfungwa mtoro, hakimo Sant'Andrea della Valle.

Wengine husimulia kwamba mwishoni mwa opera Tosca anajirusha kutoka Castel Sant'Angelo hadi mtoni Tiber. Mto huo unapita karibu na ngome, ila si chini kabisa ya ukuta wake, kwa hiyo anayeruka kutoka juu angeangukia nchi kavu. Puccini mwenyewe alisimulia katika barua jinsi Sardou alivyochora mto huo mahali usipopita, na alipokosolewa akajibu kwamba hilo si kitu.