Uhalali wa maandamano dhidi ya serikali dhaifu iliyochaguliwa

"Mmewachagua wenyewe, sasa subirini miaka mitano." Ndivyo wanavyoanza wanaopinga maandamano, na Dar es Salaam hoja hiyo haikosi msemaji kila siasa zinapochemka. Upande wa pili nao una jibu tayari: serikali tumeiweka sisi, kazi imeishinda, tutaitoa sisi. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na kila upande unaruka jambo ambalo mimi naona ndilo linaloamua: waandamanaji wanadai nini hasa, na wakishinda, madaraka yatakwenda kwa nani?

Uhalali una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya sheria: je, kitendo kimefuata Katiba na vifungu vilivyopo? Ngazi ya pili ni ya kustahili: je, hata asiyekipenda kitendo hicho anaweza kukubali kwamba waliokifanya walikuwa na haki ya kukifanya? Kitu kinaweza kupita kwenye ngazi moja kikakwama kwenye nyingine. Polisi wanaweza kuzuia matembezi kwa karatasi iliyokamilika na bado wakawa wamedhulumu. Na umati unaweza kuwa na kilio cha kweli kabisa, kisha ukakidai kwa njia isiyo na haki.

Kwa upande wa sheria, mambo hapa kwetu yameandikwa wazi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 20 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Hakuna mahali ibara hizo zinapoongeza "isipokuwa kama serikali ni dhaifu", wala "isipokuwa kama uchaguzi umepita juzi". Zamani ulihitaji kibali cha kukusanyika. Mchungaji Christopher Mtikila akalipeleka suala hilo Mahakama Kuu, Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Baada ya hapo sheria ilirekebishwa. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinamtaka mwandaaji apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo husika, angalau saa 48 kabla. Ni taarifa hiyo tu. Ajabu ni kwamba miaka thelathini baadaye watu bado wanasema "wamenyimwa kibali", na waliokaa ofisini hawana haraka ya kuwasahihisha.

Lakini polisi wamebakiziwa uwezo wa kuzuia wakiona kuna hatari ya uvunjifu wa amani, na hapo ndipo lilipozaliwa lile neno tunalolijua sote, "taarifa za kiintelijensia", ambazo mwandaaji huwa haonyeshwi. Januari 24, 2024, chama cha upinzani cha Chadema waliandamana jijini Dar es Salaam kutoka Mbezi Luis na Buguruni hadi ofisi za Umoja wa Mataifa, polisi wakawasindikiza, siku ikaisha kwa amani. Septemba ya mwaka huohuo walipanga kuandamana kupinga utekaji. Wakazuiwa, na viongozi wao wakakamatwa. Sheria ni ileile, jiji ni lilelile.

Sasa tuje kwenye udhaifu, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Serikali inaweza kuwa dhaifu kwa sababu kazi haifanyiki: maji hayatoki, umeme ni wa mgao, mishahara inachelewa. Inaweza kuwa dhaifu kwa sababu haikubaliki tena: imeshinda kwa kura chache, au ni muungano wa vyama vinavyogombana, au waliyoyaahidi yameyeyuka. Na inaweza kuwa dhaifu kwa namna ya hatari zaidi, kwamba haiwezi kuviamuru vyombo vyake, na mwenye bunduki anasikiliza kwanza sauti nyingine. Udhaifu wa kwanza ni sababu nzuri kabisa ya kuandamana. Wa pili ni sababu ya kudai uchaguzi mpya. Wa tatu ni sababu ya kujiuliza mara mbili, kwa kuwa anayesukuma mlango huo hajui nani ataingia nyuma yake.

Ninachokataa ni udhaifu kugeuzwa kinga. Serikali ikisema isilaumiwe kwa kuwa lawama zitaiangusha, inaomba kitu ambacho kura haikuipa. Kura humpa mtu kazi kwa muda fulani na kwa masharti. Haimpi umiliki, wala haiwafungi midomo waliopiga kura mpaka zamu ijayo.

Aliyewahi kuwa kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ataelewa mpaka ulipo. Mwenyekiti kachaguliwa na wanachama, na ni mtu wa kuyumba: marejesho hayafuatiliwi, vikao vinaahirishwa. Wanachama wana haki ya kumjia juu. Wanaweza kudai kikao cha dharura, wakataka sanduku lifunguliwe mbele ya wote, hata wakataka apigiwe kura upya. Kelele zote hizo ni halali. Ila wachache miongoni mwao wakilibeba lile sanduku la kufuli tatu kwenda nalo nyumbani, wakisema wanaokoa kikundi, kuna jambo jingine limetokea, hata kama malalamiko yao yalikuwa ya kweli tangu mwanzo.

Dar es Salaam ina kumbukumbu yake ya jambo hilo la pili. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara bora na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Miaka miwili baada ya uhuru, nani angeyaita madai hayo ya kipuuzi? Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imechaguliwa, ikapendwa, na wakati huohuo ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ilibidi iombe askari wa Uingereza waje kuzima uasi, jambo lililomuuma sana Mwalimu. Dai la haki, mkono usio wa haki. Wale hawakuwa waandamanaji, najua. Lakini maandamano mengi yaliyoharibika duniani yaliharibika pale yalipowaita watu wa namna ileile wayamalizie kazi.

Mali ndiyo mfano ninaourudia kila mjadala huu unapoanza. Rais Ibrahim Boubacar Keïta alichaguliwa mwaka 2013 na akachaguliwa tena 2018. Serikali yake ilikuwa dhaifu kwa namna zote tatu: vijiji vya kaskazini na katikati vilikuwa mikononi mwa wenye silaha, rushwa ilinuka, jeshi lilinung'unika. Katika uchaguzi wa wabunge wa 2020, Mahakama ya Katiba ikabadilisha matokeo ya majimbo kadhaa, na chama tawala kikafaidika. Juni 5 umati ukajaa mji mkuu, Bamako, chini ya muungano ulioitwa M5-RFP, na Imamu Mahmoud Dicko akiwa sauti yake kubwa. Mpaka hapo mimi sioni kosa. Mahakama imegusa kura, watu wanauliza. Julai vikosi vya usalama vikaua waandamanaji, na hasira ikawa na haki zaidi.

Ila dai kuu lilikuwa rais ajiuzulu, na hapakuwa na jibu moja la wazi kuhusu kinachofuata. Agosti 18 wanajeshi wakatoka kambi ya mji wa Kati, karibu na Bamako, wakamkamata rais, usiku akatangaza kujiuzulu kwenye televisheni. Mitaani watu walishangilia. Wanajeshi waliahidi kipindi cha mpito cha miezi 18. Mei 2021 wakapindua tena, safari hii wakaiondoa serikali ya mpito waliyoiweka wenyewe. Choguel Maïga, mmoja wa viongozi wa yale maandamano, akapewa uwaziri mkuu, na Novemba 2024 akafukuzwa baada ya kulalamika hadharani kwamba anawekwa pembeni. Mei 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa kwa amri. Leo raia wa Bamako anayetaka kuandamana kama alivyoandamana Juni 2020 hana pa kuanzia.

Je, hilo linafanya maandamano ya Juni yawe haramu baada ya tukio? Hapana. Aliyepindua ndiye mwenye kosa la kupindua. Lakini viongozi wa umati walikuwa na deni ambalo hawakulilipa: kusema mapema na kwa sauti kwamba hawataki kambi iingie.

Thailand ni mbaya zaidi, kwa sababu kule waandamanaji walisema wazi wanachotaka. Walianza mwishoni mwa 2013 wakipinga muswada wa msamaha ulioletwa na serikali ya Waziri Mkuu Yingluck Shinawatra, na sababu walikuwa nayo. Desemba waziri mkuu akavunja bunge na kuitisha uchaguzi. Hapo mtu anayedai kurudishiwa sauti yake amekwisha kuipata. Wao wakakataa. Walitaka baraza la watu wasiochaguliwa liongoze kwanza, na Februari 2, 2014, wakazuia wenzao kufika kwenye vituo vya kura. Mei 22 jeshi likachukua nchi, na jenerali aliyepindua akabaki waziri mkuu hadi 2023. Kwangu uhalali wa barabara ile uliisha asubuhi ile ya Februari, mwandamanaji alipomzuia mpiga kura.

Korea Kusini, 2016, umati ulikuwa mkubwa pengine kuliko yote hayo, kila Jumamosi na mishumaa yao, wakimtaka Rais Park Geun-hye aondoke. Bunge likapiga kura ya kumwondoa Desemba 9, Mahakama ya Katiba ikathibitisha Machi 10, 2017, Mei watu wakachagua rais mwingine. Barabara ilisukuma, taasisi zikatenda. Jirani zetu wa Kenya nao, Juni 2024, walianza na dai ambalo hata mtoto angelielewa: muswada wa fedha usipite. Juni 25 watu waliuawa, sehemu ya bunge ikavamiwa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Lile dai la kwanza lilikuwa na anwani na lilikuwa na mwisho. "Ruto aondoke", lililofuata, ni dai zito zaidi, na anayelibeba anapaswa kuonyesha njia ya kikatiba.

Na si lazima watu waandamane kwa miguu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na usumbufu wa maofisa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja mwenyewe kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Hawakutaka kiti cha mtu.

Hoja yangu yote mpaka hapa imeegemea neno moja, iliyochaguliwa, na sharti hilo ni la kweli au halipo. Kumwambia mtu asubiri sanduku la kura kuna maana ikiwa sanduku litakuwepo na atakayemtaka atakuwa ndani ya karatasi. Katiba yetu ina ibara ya 46A ya bunge kumshtaki rais na ibara ya 53A ya kutokuwa na imani na waziri mkuu, nazo ni njia halisi pale tu bunge linapokuwa na watu wa kuzitumia. Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa rais akishatangazwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha hapahapa, ilisema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kila mlango wa namna hiyo ukifungwa, uzito wa "subirini" unapungua na uzito wa barabara unaongezeka.

Ndiyo maana Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, hailingani na kichwa cha habari hii, ingawa wengi wanaijadili kwa maneno haya. Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa mashtaka ya uhaini, na mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Walioingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza na Arusha hawakusema serikali iliyochaguliwa ni dhaifu. Walibishia kwamba imechaguliwa. Serikali nayo ilijibu kwa amri ya kutotoka nje, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Huo si udhaifu.

Mali za watu na vituo vya mabasi ya mwendokasi vilichomwa pia, na kuna wanaotumia moshi huo kufunga hesabu yote. Sikubaliani nao. Aliyechoma ana kesi yake, na ashtakiwe kwa jina lake. Aliyetembea mikono mitupu hawi mchomaji kwa sababu walikuwa barabara moja, na aliyepigwa risasi mlangoni kwake hakuwa hata barabarani.