Nyanya nyekundu si jina la aina

Kila msimu ni hadithi ile ile. Mtu anatoa simu, ananionyesha picha ya nyanya moja iliyokwisha chumwa, imekaa juu ya meza, halafu ananiuliza: "Mtaalamu, hii ni aina gani? Ona ilivyokolea wekundu." Namwomba picha ya mmea, hana. Namuuliza kama ulikuwa mrefu wa kusimikiwa miti au mfupi wa kichaka, hakumbuki. Pakiti ya mbegu aliitupa siku ile ile aliyosia. Amebaki na rangi tu, na anaamini rangi inatosha.

Haitoshi. Roma ni nyekundu. Rio Grande ni nyekundu, Cal J nyekundu, Money Maker nyekundu. Ukizikatakata zote nne ukazichanganya bakulini, hata mimi sikutengei. Shambani ndipo zinapoachana: Money Maker hupanda bila kukoma, hutaka mti na kupunguzwa machipukizi, na tunda lake ni la duara, Roma na Rio Grande hukoma zenyewe na kuzaa matunda ya umbo la yai, Cal J nayo ni fupi, tunda lake kama kiboksi kilicholainishwa pembe. Aliyechagua mbegu kwa rangi ya picha ya pakitini hujua alichonunua siku mimea inapoanza kulala chini kwa kukosa miti.

Dhana: "Kila rangi ni aina yake"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie.

Rangi unayoiona ni rangi mbili zilizopandana: ya nyama na ya ganda. Wekundu wa nyama ni wa laikopini, kemikali ya asili inayoipa nyanya rangi nyekundu. Ganda, kwa kawaida, lina hali mbili tu: ama la manjano, ama halina rangi kabisa.

Kuna bwana mmoja aliniletea nyanya mbili, moja nyekundu, nyingine pinki, akishikilia kwamba hazina hata undugu. Sikubishana naye. Nilizitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, nikazipoza, nikazimenya. Ganda la kwanza nililinyoosha kwenye kioo cha dirisha: manjano hafifu, kama chai ya rangi iliyozidi maji. La pili lilikuwa kama nailoni, unaona nje bila shida. Kisha nikamsogezea sahani yenye nyanya mbili zilizomenywa nikamwambia achague ile ya pinki. Alizigeuzageuza, akacheka, akaniomba nimsaidie.

Basi hesabu ni hiyo. Nyama nyekundu chini ya ganda la manjano, unaona nyekundu. Nyama hiyo hiyo chini ya ganda lisilo na rangi, unaona pinki. Nyama ya manjano chini ya ganda la manjano ni nyanya ya manjano. Chini ya ganda lisilo na rangi inapauka, na ndiyo inayouzwa kwa jina la nyanya nyeupe. Zile za kahawia, zinazoitwa nyeusi, zina laikopini kama kawaida, ila kijani cha majani, yaani klorofili, hakikuondoka tunda lilipoiva. Nyekundu na kijani vikichanganyika huzaa kahawia, mchoraji yeyote atakwambia.

Mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Craig LeHoullier, mpenzi wa kilimo cha nyanya, aliletewa mbegu kutoka jimbo la Tennessee, na mwaka 1990 akaipa nyanya ile jina la Cherokee Purple. Mwaka 1995, kwenye bustani yake, mche mmoja wa Cherokee Purple ukazaa matunda ya rangi ya chokoleti, na leo hiyo ni aina yenye jina lake, Cherokee Chocolate. Ganda lisilo na rangi lilikuwa limegeuka la manjano. Umbo, mmea na nyama vilibaki vile vile.

Upande wa pili wa dhana hii ni malalamiko ya "nimeuziwa mbegu feki". Mtu amekamua mbegu kutoka nyanya chotara nyekundu, amepanda, zimetoka rangi tatu, anataka nimsaidie kumshitaki muuzaji. Ndugu yangu, wekundu huficha. Chotara ambayo mzazi mmoja ni nyekundu ya kawaida na mwingine ni ile nyeupe itakuwa nyekundu tupu kizazi cha kwanza. Kizazi cha pili, katika kila miche 16, utarajie kama 9 nyekundu, 3 pinki, 3 za manjano na 1 nyeupe. Muuzaji hana kosa. Hukutakiwa kukamua.

Kuna na joto. Likikaa juu ya nyuzi 30 za sentigredi, laikopini haitengenezwi vizuri, ilhali rangi za manjano zinaendelea, na tunda linaivia kwenye rangi ya chungwa. Mche ni ule ule, na mchumo wa wiki ya baridi utatoka mwekundu. Tena, nyanya nyekundu yenyewe hupita hatua ya pinki ikielekea kuiva. Ukiipiga picha siku hiyo ukanitumia, unataka nikujibu nini?

"Za manjano hazina asidi"

Zinazo. Ulimi husikia uwiano wa sukari na asidi, na uwiano huo hutofautiana aina kwa aina, si rangi kwa rangi. Anayehifadhi nyanya kwenye chupa asiache kuongeza asidi ya ndimu eti kwa sababu nyanya zake ni za manjano.

"Ya zambarau imechezewa jeni"

Nyingi hazijachezewa. Indigo Rose, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mwaka 2012, ilipatikana kwa kuzalisha nyanya na ndugu zake wa porini. Zambarau yake iko juu juu, pale jua lilipogusa. Inua taji la majani uone chini yake hakuna. Ipo kweli nyanya ya zambarau iliyobadilishwa jeni, Marekani waliiruhusu mwaka 2022, lakini hiyo ni zambarau hadi ndani ya nyama. Kisu kinamaliza ubishi.

"Punguza majani jua liivishe"

Tafadhali. Nyanya huivishwa na gesi ya ethilini na joto linalofaa. Ndiyo maana ile iliyoanza kugeuka rangi huiva hata kabatini. Ukiivua majani unaibabua tu, inabaki na mabaka meupe yanayonywea.

"Mabega ya kijani ni kasoro"

Mabega ya kijani kwenye tunda changa ni sifa ya aina nyingi za zamani. Wazalishaji wa mbegu waliyaondoa ili tunda liive rangi moja, na mwaka 2012 watafiti wakaonyesha kwamba jeni iliyoharibika katika kazi hiyo ndiyo inayosaidia tunda changa kutengeneza sukari. Yakibaki magumu na ya manjano kwenye tunda lililoiva, hilo ni jambo jingine, angalia kama mmea unapata kirutubisho cha potasiamu cha kutosha.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nitumie mmea mzima toka chini hadi kileleni, na jani moja lililonyooshwa, maana kuna aina zenye majani yasiyo na meno, kama ya kiazi. Likate tunda kwa upana nihesabu vyumba vya mbegu. Nionyeshe kikonyo kama kina kifundo au hakina. Menya ganda uliweke dirishani. Na pakiti ya mbegu, safari hii, ibandike ukutani.