Mwokoaji akitoka kwenye kifusi, usimlazimishe asimulie

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, kazi haikuisha siku ile. Waokoaji walifukua kifusi kwa siku kadhaa, huku wakisemeshana na watu waliowasikia chini lakini hawajawafikia. Mtu akitoka kwenye kazi ya namna hiyo, kituoni kwake, kiwe cha zimamoto au polisi, hukutana na mojawapo ya mambo mawili: "jikaze", au kikao cha usiku uleule ambapo kila mmoja anatakiwa aeleze alichokiona na alivyojisikia. Ubaya wa "jikaze" wengi wameshaujua. Kikao ndicho kinachosumbua, maana huitishwa kwa nia njema.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake, linashauri kikao cha aina hiyo kisitumike kama kinga ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Saa chache baada ya tukio mwili bado uko juu: moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Aliyekuwa nje akishika mpira wa maji hana haja ya kusikia kwa undani kilichoonwa na mwenzake aliyeingia ndani. Ataondoka na picha ambazo hakuwa nazo. Tathmini ya kazi yenyewe (gari lilifika saa ngapi, ngazi ilikwama wapi) ifanyike, ila isichanganywe na kuulizana machungu.

Badala yake, anza na mwili. Mtoe eneo la tukio, mpe maji na chakula, apige simu nyumbani. Buti na sare zivuliwe kituoni, zifungwe kwenye mfuko na zifuliwe hapohapo. Harufu ya moshi au damu iliyobaki kwenye nguo inaweza kurudisha tukio lote mtu akiwa sebuleni kwake, na masizi ya moto yana sumu ambayo hutaki ichanganyike na nguo za watoto. Picha za miili zisizunguke kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Kisha mwenzake mmoja anayemwamini amwambie: "Leo umekaa kwenye kifusi muda mrefu. Nipo. Ukitaka kuongea tuongee, ukitaka kimya tukae."

Usingizi ndio unaoharibika mapema, na Dar kulala mchana baada ya zamu ya usiku ni mtihani: joto, bodaboda, redio ya jirani. Oga maji ya baridi, ziba dirisha kwa kitambaa kizito, washa feni, na acha kahawa au chai ya rangi saa sita kabla ya kulala. Bia mbili zitakuwahisha usingizini, halafu zitakuamsha katikati ukiwa na ndoto mbaya. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kununua duka la dawa nayo isiguswe. Kwa msongo wa mwezi wa kwanza baada ya tukio, miongozo hiyohiyo inasema dawa za kundi hilo zisitolewe.

Wiki za mwanzo, kushtuka king'ora kikilia, kuona picha kichwani na kukasirikia watu wa nyumbani bila sababu ni mambo ya kawaida, na kwa walio wengi hupungua. Yasipopungua baada ya mwezi, aende akapimwe. Asisubiri mwezi kama anawaza kufa, anakunywa kabla ya zamu, au anajiingiza hatarini makusudi. Askari mwenye silaha anayewaza kujiua aikabidhi kwenye ghala la silaha siku hiyohiyo, bila kutangazwa kwenye paredi.

Hospitali ya Muhimbili, Upanga, kuna idara ya afya ya akili. Aliye mbali na Upanga aanzie hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Tiba ya kiwewe huwa ni vikao vya kila wiki, mara nyingi 8 hadi 12. Humo kusimulia kuna nafasi yake, ila ni hatua kwa hatua, na mtaalamu anayejua kumtuliza mtu akianza kutetemeka.

Mkuu wa zamu ana dawa yake pia: ratiba. Aliyebeba miili leo asipangwe kubeba tena kesho. Wala asirudishwe nyumbani wiki mbili akakae peke yake. Kazi nyepesi kati ya wenzake humfaa zaidi. Anachoogopa askari ni kuonekana dhaifu na kukosa kupandishwa cheo, kwa hiyo aliyoyasema kwa siri yabaki siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Halafu kuna mtu anayesahaulika kila mara: anayepokea simu ya 114, namba ya dharura ya zimamoto. Anamsikia mama akipiga kelele mlango haufunguki na mtoto yuko ndani, simu inakatika, na inayofuata inaita. Gari likirudi, mwenzake ampigie kumweleza ilivyokwisha kabla zamu yake haijaisha, hata kama mtoto hakuwahiwa.