Kipunji ni mnyama gani?

Kipunji ni kima mkubwa wa misitu ya milimani kusini mwa Tanzania, na hapatikani kwingine kokote duniani. Jina lake ni la Kinyakyusa. Wawindaji wa kuzunguka Mlima Rungwe walilitaja mbele ya watafiti, lakini kwa kuwa simulizi za huko zina wanyama wa kweli na wa mizimu pia, haikuwa rahisi kujua kipunji yuko kundi gani. Mwaka 2003 watafiti hao wakamwona kwa macho. Muda mfupi baadaye timu nyingine, isiyojua habari za wenzao, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, takribani kilomita 350 kutoka Rungwe.

Ukimwona, kinachokuvuta kwanza ni kichwa: kishungi cha nywele kimesimama wima utosini, sharafa pana mashavuni, na katikati uso mweusi tii. Mwili, bila mkia, hukaribia sentimita 90. Manyoya ni ya kahawia yenye kijivu, tumbo na ncha ya mkia vimepauka. Manyoya hayo ni marefu kweli, na yana kazi: Rungwe na katika hifadhi jirani ya Kitulo anaishi hadi mita 2,450 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na baridi kali ya usiku.

Hushinda juu ya miti, kwa makundi ya wakubwa na watoto yanayoweza kufika thelathini na zaidi. Anakula matunda, majani machanga, maua, magome, hata kuvumwani (vimelea vya kijivu au kijani vinavyoota juu ya magome) na wadudu. Mlio wake ni wa pekee, kama mbweko uliochanganyika na honi.

Mwaka 2005 alipotangazwa kuwa spishi mpya aliwekwa pamoja na mangabei, kima wengine wa Afrika wenye mikia mirefu, kwa kuwa wanafanana umbo na maisha ya mitini. Kisha kipunji mmoja mchanga akafa kwenye mtego wa mkulima, shambani kwenye mahindi. Vinasaba vyake vikaonyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni nyani, wale wanaotembea ardhini. Ndiyo maana mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za ukoo mmoja wa karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote: jamaa wa nyani aliyeyashika maisha ya vileleni mwa miti.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,100 na ushee tu, wengi wao wakiwa upande wa Rungwe na Kitulo. Ukataji miti, uchomaji mkaa na mitego vimewabana. Hata Rungwe na Livingstone, msitu wa hifadhi ya Kitulo, zimeunganishwa na ushoroba (ukanda wa msitu) mwembamba wa Bujingijila, uliokatwakatwa vibaya, na mnyama asiyependa kushuka chini hauvuki kirahisi.